Bundi Juu ya Paa la Bibi Martina

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ya Karatu ikiwa imekaza hata ng'ombe wakitoka zizini unaona pumzi zao kama moshi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimejikunyata nyuma ya zizi la mbuzi la Bibi Martina, na mbele yangu, juu ya kiroba cha maharage, ilikuwa imelala kamera yenye lenzi ndefu kama mkono wangu. Nilikuwa namsubiri bundi. Usicheke, mwanangu. Vijana wenzangu walikuwa wakisubiri majibu ya posa. Mimi kipupwe kile chote nilimsubiri bundi.

Acha nikueleze kwanza kamera ilitoka wapi, maana mtoto wa mkulima wa Karatu hakuwa na kamera siku zile. Nilikuwa dereva katika hoteli moja ya watalii kule juu, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Kwa misimu mitatu nilimwendesha mgeni mmoja, mzee wa Kizungu mpole aliyependa ndege kuliko simba. Wenzake waliteremka kreta kutafuta faru. Yeye aliniambia nisimamishe Landrova chini ya migunga, tutafute bundi aliyelala mchana. Ndiye aliyenifundisha kuegemeza lenzi juu ya kiroba isitikisike, na kuipeleka pumzi kando ili kioo kisishike ukungu. Alinifundisha na jambo jingine, ambalo laiti ningelitia moyoni nisingekuwa na hadithi hii ya kukusimulia. Alisema lenzi ndefu hukivuta kitu cha mbali, lakini hukibana na vilivyo mbele yake, hata mlima na nyumba vikaonekana vimegusana. "Ukimwonyesha mtu picha ya namna hii," alisema, "mwambie ulisimama wapi."

Mpaka wa Kenya ulipofungwa, wageni waliokuwa wakipitia huko wakapungua, na hoteli ikatupunguza na sisi. Yule mzee alipokuja kuaga aliniachia kamera yake ya zamani pamoja na lenzi ile. Nikarudi nyumbani, nikawa mpiga picha za harusi na kipaimara. Lakini moyo wangu ulibaki kwa ndege.

Bibi Martina alikuwa mjane, akiishi peke yake mwisho wa kijiji, pale mashamba yanapokutana na msitu. Binti yake mmoja alikuwa ameolewa kule kijiji cha Daa. Zizi lilikuwa mbele ya nyumba yake; nyuma ya nyumba lilikuwapo korongo, na ng'ambo ya korongo ulisimama mti mkavu, mrefu. Juu ya mti ule, kila alfajiri akirudi kutoka mawindoni, alitua bundi mkubwa wa kijivu, mwenye kope za rangi ya waridi kana kwamba amepakwa. Aliota jua kidogo, kisha akaingia msituni kulala.

Unajua watu wetu na bundi. Akilia karibu na nyumba, hata mlokole huacha kula. Bibi Martina hakumwogopa. "Huyu ndiye mlinzi wangu," aliniambia. "Bila yeye panya na fuko wangenimalizia shamba." Kila asubuhi aliponiona natetemeka aliniletea kikombe cha uji wa ulezi, akasimama upande wa upepo, amejifunga shuka lake, mpaka nimalize kunywa.

Basi asubuhi ile ukungu ulipasuka, jua likapenya, na bundi akageuza uso wake wote kunitazama. Nikabonyeza mara moja tu. Filamu niliipeleka Arusha kusafishwa, na picha iliporudi nilikaa chini. Nilikuwa sijawahi kuona picha nzuri vile. Ila ndani yake hapakuwa na korongo wala mti. Bundi alionekana amekaa juu kabisa ya paa la nyasi la Bibi Martina, moshi wa jiko lake ukimzunguka miguuni kama mtu aliyefika kwake.

Nilijua imetokeaje. Lenzi ilikuwa imeumeza mwendo wote uliokuwapo kati ya paa na mti. Nilijua, na bado nikaitengenezea fremu, nikaomba itundikwe ukutani katika hoteli ya chai iliyokuwa kando ya barabara kuu, mahali ambapo kila mtu wa Karatu alipita.

Watu wakaja. Wakauliza, ulimkaribia vipi ndege yule bila kuogopa? Mgema akisifiwa, mwanangu, tembo hulitia maji. Siku ya kwanza nilisema nilisogea kidogo. Siku ya pili nilikuwa nimesimama chini ya paa. Kabla ya juma kwisha nilikuwa nawaeleza jinsi nilivyosikia kucha zake zikikwaruza nyasi. Wakanipa jina, Mzee wa Bundi, nami nikalipenda.

Mwezi wa nane baridi ikazidi, na jirani wa Bibi Martina, kijana mwenzangu aitwaye Safari, akafiwa na mwanawe wa miezi mitano. Kichomi. Miaka ile kichomi kilichukua watoto wengi nyakati za kipupwe, na hakuna aliyemtafuta mchawi. Lakini msibani mtu mmoja akaitaja picha yangu. Mwingine akasema bundi anaishi kwa yule bibi kama kuku. Wa tatu akasema, lisemwalo lipo. Na pale hotelini nikamsikia mzee mzima akisema kwa utulivu kabisa kwamba mtu anaweza kudanganya, picha haidanganyi.

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Sentensi moja ingetosha: mti uko ng'ambo ya korongo, mimi sikuwahi kumkaribia. Lakini kusema hivyo kulikuwa kujiita mwongo mbele ya watu walioniita Mzee wa Bundi. Nikajiambia maneno ya msibani huisha na matanga. Nikanywa chai yangu.

Hayakuisha. Akina mama wakaacha kuchota maji wakati mmoja na Bibi Martina. Zamu yake ya kusaidiwa kuvuna ilipofika, hakuja mtu. Nilikwenda kwake asubuhi moja na kamera yangu kama kawaida, nikamkuta juu ya kigoda anaziba matundu ya paa. Mawe yaliyotupwa yalikuwa bado pale uani. Alishuka, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha uji, akasimama upande wa upepo. Nami niliunywa uji ule, mwanangu. Niliunywa wote, nikarudisha kikombe, nikashukuru. Nimefanya makosa mengi katika maisha haya, lakini hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo.

Aliyenikamata alikuwa baba yangu mkubwa, Mzee Bura. Hakuwa mtu wa kukaa hotelini. Siku hiyo aliingia na fimbo yake, akaitazama ile picha kwa muda mrefu, kisha akaniambia nimpeleke mahali niliposimama. Alikuwa amechunga ng'ombe upande ule tangu utoto, akikijua kila kisiki.

Tukafika kwa Bibi Martina. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba. Mkwewe alikuwa amekuja na trekta siku mbili kabla, akamchukua na vitu vyake kwenda Daa. Mbuzi hawakuwapo. Mzee Bura aliweka kisigino chake kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba, akaanza kutembea kuelekea mti, akihesabu kwa sauti kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani. Aliteremka korongo, akashika mizizi kupanda upande wa pili, mzee wa miaka zaidi ya sabini, nami nikimfuata nyuma nikiona aibu kumshika mkono. Alipougusa mti ule hesabu yake ilikuwa imefika mia mbili na kumi na nne.

Akakaa chini mpaka pumzi zikamrudia. Kisha akaniambia, "Wewe ulijua."

Nikasema ndiyo.

"Waliorusha mawe hawakujua. Wao ni wajinga, na ujinga una dawa. Wewe ulikuwa na dawa mfukoni ukawatazama wakiugua, kwa sababu ya jina la utani."

Nililia mbele yake. Hakunibembeleza. Alisema tu kwamba Jumapili inakuja, na watu watakuwa wote kanisani.

Jumapili, baada ya matangazo, niliomba nafasi nikasimama. Nilisema yote, na la kucha na la nyasi. Wengine waliguna, wengine walinicheka, wengine hawakuniamini, maana uongo uliokwisha kaa huwa mwenyeji. Safari aliinuka akatoka nje. Nilidhani ananichukia. Kesho yake alikuja kwangu, akataka nimwonyeshe. Nilimpeleka pale zizini, nikaiweka kamera kama siku ile, akatazama. Akatazama mara ya pili kwa macho matupu, akauona mti ulivyo mbali. Akakaa juu ya ukuta wa mawe.

"Basi mwanangu alikufa kwa baridi tu," alisema.

Niliona kwamba hata yeye nilikuwa nimemwibia. Nilikuwa nimempa mtu wa kumchukia wakati alipohitaji nafasi ya kulia.

Tulikwenda Daa pamoja, yeye na mimi. Bibi Martina alikuwa anapepeta maharage nje ya nyumba ya binti yake. Alitukaribisha, akaomba aione hiyo picha, maana watu wote walikuwa wameiona isipokuwa yeye. Aliishika kwa mikono miwili.

"Kumbe ni mzuri hivi," alisema. Akaendelea kuitazama. "Nilijua tangu mwanzo ni picha yako. Kila asubuhi ulipokuja nilisema, leo atasema. Nikakuletea uji, nikangoja."

Safari alipiga magoti, nami nikapiga. Bibi akatusamehe, akatuombea, akatulisha. Lakini tulipomwomba arudi nyumbani alitikisa kichwa. Alisema hana kinyongo na mtu, ila amezeeka, na hawezi kwenda kisimani akijiuliza nani kati ya wale wanawake alishika jiwe. Kipupwe cha pili baada ya hapo alifariki. Alizikwa Daa, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi. Nyumba yake ya Karatu ilianguka yenyewe mvua za masika.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana nimekaa nawe kwa ajili ya hili. Leo kila mmoja wenu anatembea na kamera mfukoni, na picha moja inafika Dar kabla chai haijapoa. Sikukatazi kupiga. Mimi mwenyewe niliendelea, na nyuma ya kila picha ya ndege niliandika nilisimama wapi. Lakini ukitoa kitu chako mbele za watu, kaa karibu nacho uone kinafanya nini. Ukisikia mwenzako anahukumiwa kwa jambo ambalo ukweli wake unao wewe, usingoje matanga, usingoje Jumapili. Sema siku hiyo hiyo, hata kama utashuka machoni pa watu. Aibu ya kusema huisha kwa juma moja. Mimi aibu ya kunyamaza nimezeeka nayo.

Na kama umekwisha kuchelewa, nenda hata hivyo. Piga magoti, usidai kurudishiwa ulichovunja.

Haya, inuka, jua limepanda. Mungu akulinde na baridi ya nje na ile inayoingia moyoni. Akupe majirani wema, nawe akufanye jirani mwema kwao. Ulimi wako uwe mzito kwa sifa zako, na mwepesi kwa haki ya mwenzako. Nenda na amani, mwanangu.