Maili Elfu Moja za Kwanza

Kaka yangu alisema tuitoe injini ya pikapu ya mzee tuweke ya Kijapani, na kwa kuwa ni yeye aliyesema, nilikataa kabla hajamaliza chai yake.

Tulikuwa nyumbani kwa mama, nje kidogo ya mji wa Kitale. Pikapu yenyewe ilikuwa chini ya mabati nyuma ya jikoni, mahali ilipokaa tangu tumzike baba. Ilitengenezwa Uingereza kabla mimi sijazaliwa, na mita yake ilihesabu maili. Baba, aliyekuwa mkulima wa mahindi, aliinunua ikiwa tayari kuukuu, akaiendesha mpaka rangi ya usukani ikaisha pale mikono yake ilipozoea kushika. Sasa ilikuwa inakunywa oili, inatoa moshi wa buluu, na mlima wowote iliupanda kwa gia ya kwanza huku ikilia.

Kaka yangu anafanya biashara ya kuvuka mpaka wa Uganda pale Suam, na anamjua kila mtu anayeuza kitu kilichotumika. "Hiyo ya Japani unafunga leo, kesho unabeba gunia kumi," aliniambia. "Ya mzee utarekebisha, halafu utaanza kuilea ati ni mtoto mchanga. Si nakujua."

Nilimjibu kwa urefu. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na nikianza kueleza huwa sisimami. Nilimwambia injini ngeni haiingii hivi hivi: itabidi kukata vyuma vya chesisi na kuchomelea vingine, kusogeza giaboksi, kutafuta rejeta nyingine ya kuipoza, kisha kubadilisha namba ya injini kwenye logibuku ya usajili. Ukishamaliza, kilichobaki cha mzee ni mabodi tu. Lakini ile ya zamani, nikasema, inaweza kuchongwa upya na kuboreshwa, ikatoka na nguvu kuliko siku ilipotoka kiwandani. Yote niliyosema yalikuwa kweli, na bado nilikuwa nasema kwa sababu ya ubishi. Kaka amenishinda kwa kila kitu tangu tukiwa wadogo, na hapa niliona nafasi yangu.

Mama alikuwa anachambua mboga. "Mimi nataka itembee tu," alisema.

Nikaivuta kwa kamba hadi Bungoma. Kuna fundi pale nyuma ya soko, mtu mnene mwenye utani mwingi, ambaye ana mashine ya kuchonga silinda na anazijua injini za aina hiyo. Ilikaa kwake wiki sita. Aliongeza upana wa silinda, akaweka pistoni kubwa zaidi na ringi mpya, akabadilisha viti vya valvu ili vihimili petroli ya siku hizi, akatafuta kabureta ya midomo miwili, akaondoa platini na kuweka mfumo wa cheche wa kielektroniki. Nilipoiwasha mara ya kwanza nililia. Sikutegemea kulia, tena mbele ya mafundi waliokuwa wanakula chapati.

Fundi akaniinamia dirishani. "Sasa mwalimu, maili elfu moja za kwanza usikimbize, na usibebe mzigo. Ringi na silinda bado ni wageni, lazima wazoeane kwanza. Ukiiharakisha itakunywa oili maisha yake yote."

Nilirudi Kitale kupitia Kimilili kwa mwendo wa maili thelathini na tano kwa saa. Malori yalinipigia honi, hata trekta moja nusura inipite. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Kila Jumamosi baada ya hapo nilikuwa nashuka nayo mpaka Kimilili na kurudi, tupu, ili kumaliza maili. Mama aliponiomba nimletee magunia mawili ya mbolea kutoka mjini, nilimwitia mtu wa mkokoteni. Kaka aliposikia alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikazidi kukaza kamba.

Ilikuwa imetembea maili mia mbili themanini shangazi alipofariki.

Alikuwa dada pekee wa baba aliyebaki. Aliolewa Tongaren, na alifia hospitali hapa Kitale baada ya kulazwa siku nne. Sasa, lazima niseme kitu ambacho kwetu hakuna anayehitaji kuambiwa: pikapu ya mzee ndiyo ilikuwa inabeba wafu wetu. Ilimbeba nyanya, ikawabeba wajomba wawili, ikambeba mume wa shangazi huyo huyo. Baba hakuwa anaombwa. Alikuwa anaosha turubai, anafunga matawi ya msaipresi mbele, na asubuhi utamkuta nje ya mochari amevaa koti. Jeneza linawekwa katikati, akina mama wanakaa pande zote mbili na kuimba, wakiwa wamelishika kwa mikono ili lisiteleze. Naye baba mwenyewe alipelekwa kuzikwa kwa gari hilo, kaka akiendesha.

Kwa hiyo hakuna aliyeniuliza. Ujumbe uliingia kwenye kundi la familia kwenye simu, nikiwa kwenye chumba cha walimu: "Mwili utatoka saa tatu Jumamosi na gari ya mzee."

Ningeweza kumpigia fundi. Ningeweza kumpigia mama. Badala yake nilikaa chini nikaandika. Niliandika aya nne. Nilieleza habari ya ringi na silinda, nikaeleza kwa nini barabara ya matope yenye milima, ukiwa na jeneza na watu kumi na watano nyuma, ni mzigo mbaya kuliko mwendo wa kasi kwenye lami. Nilieleza kwamba gari hili ni kumbukumbu ya mzee na ni jukumu letu sote kulitunza. Nikasema nitakodi pikapu nyingine kwa pesa zangu mwenyewe. Nilisoma tena, nikarekebisha alama za koma, nikatuma kwa watu waliokuwa wamefiwa.

Karibu saa nzima baadaye baba mdogo akaandika: "Asante kwa maelezo, mwalimu." Jumamosi kaka alifika mochari na pikapu ya rafiki yake, yenye injini ya Kijapani, matawi ya msaipresi yakiwa yamefungwa mbele.

Mimi nilikwenda na ya mzee, tupu. Nilijiambia ni heshima kufuata nyuma, na kwamba maili zile nazo zingehesabika. Mama alipita mbele ya kioo changu bila kugeuka, akapanda nyuma na wenzake, akaweka mkono juu ya jeneza.

Msafara wa mazishi kwetu hauendi polepole kama watu wanavyodhani. Kuna wageni wanaosubiri, kuna mhubiri mwenye mazishi mengine, na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Waliniacha kabla hata ya Kiminini. Tulipotoka kwenye lami mvua ilikuwa imeshanyesha, nikawa nachagua njia kati ya madimbwi, nikiangalia kipimo cha joto zaidi kuliko barabara. Injini ilikuwa inanguruma vizuri sana, na kwa uzuri ule ndipo nilipoanza kuichukia.

Nilipofika Tongaren wanaume walikuwa wanasawazisha udongo kwa majembe. Hakuna aliyenifokea, afadhali wangenifokea. Watoto wa marehemu walikuwa wamesimama kwenye foleni wakisalimiwa, na binti mkubwa alinipa mkono, akatazama juu ya bega langu, akaiona pikapu imeegeshwa langoni, nyuma wazi, turubai kavu limekunjwa.

"Kumbe hata hiyo ilikuwa inakuja tu," akasema.

Nilikula chakula nilichopewa. Kaka alikuja akakaa karibu yangu, na nilisubiri anicheke, nikitaka kabisa anicheke. Aliniuliza kama nataka nyama zaidi.

Maili elfu zilitimia miezi miwili baadaye. Niliipeleka Bungoma kumwaga oili ya kwanza, na fundi akaniuliza imekuwaje. Nikamsimulia, nadhani nilitaka anisifu. Aliacha kupangusa mikono.

"Jeneza na watu? Mwalimu, si ungenipigia simu? Mimi nilikuwa naogopa magunia ya mahindi, bana. Hao watu ungewapunguza kidogo, uende polepole, ungefika tu. Sisi wote tunazika."

Nilirudi Kitale bila kukumbuka nilipita wapi. Tangu siku hiyo nimewaambia watu wote kwamba gari liko tayari. Nimeandika kwenye kundi, mstari mmoja tu safari hii. Wamezikwa wawili wa ukoo tangu hapo, mmoja Kimilili na mwingine hapa hapa Kitale, na mara zote mbili nilisoma kwamba gari limeshapatikana. Mara ya pili niliosha turubai hata hivyo, nikafunga matawi, nikaenda kusimama nje ya mochari. Watu walinisalimia kwa adabu na kupanda gari alilolileta kaka.

Pikapu ya mzee hainywi oili hata tone. Asubuhi ya baridi inawaka mara moja, nawe ukiisikia utadhani mzee yuko ndani. Nilishinda ule ubishi, na kaka mwenyewe amekiri mbele ya watu kwamba injini ile ni safi.

Wiki iliyopita nilimpelekea mama magunia mawili ya mbolea. Niliyabeba nyuma ya pikapu, nikamwonyesha jinsi ilivyopanda kilima cha kwake bila kuhema. Aliniangalia nikishusha gunia la mwisho, akanitengea kiti, akanipa maji ya kunawa. Kisha akasema, kwa sauti ile ile aliyotumia kuniuliza kama wajukuu wamepona mafua:

"Siku yangu ikifika, mwachie kaka yako atafute gari."

"Mama, hii sasa inabeba hata tani moja," nikamwambia.

"Najua, mwanangu, na najua utataka kunibeba nayo. Ndiyo maana nakwambia mapema." Akanimwagia maji mikononi.