Kompyuta Iliyonukia Udi

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa bisibisi. Nilipewa brashi laini ya rangi na kompyuta ya mezani iliyofunuliwa ubavu, nikaambiwa niisafishe. Duka lilikuwa kichochoroni nyuma ya Darajani, nami nilikuwa nimetoka kidato cha nne, najiona msomi. Fundi Mkuu, mzee mnene asiyepandisha sauti, alinitazama nikipuliza vumbi kwa mdomo, akasema, "Mate yana chumvi, bwana mdogo. Ya baharini inatutosha."

Hilo ndilo somo la kwanza. Hewa ya Unguja hula chuma. Ukifungua mashine ya nyumba iliyo karibu na pwani utakuta bodi, yaani ule ubao unaobeba viungo vyote, imeota kutu ya kijani. Fundi Mkuu alinifundisha pia kuitazama feni kabla ya kitu chochote. Feni ndiyo inayoipoza prosesa, ambayo ni ubongo wa kompyuta, na ubongo huo ukipata joto kupita kiasi mashine hujizima yenyewe isije ikaungua. Watu huona imezima, wakasema imekufa.

Sikukaa sana pale. Miguu yangu haijawahi kuwa na subira. Nilihamia hoteli moja ya Mji Mkongwe, ambako Meneja alibadilisha kompyuta zote kila baada ya miaka mitatu, nzima na mbovu, kama anayebadilisha mashuka. Kutoka hapo nikaingia ofisi moja ambako Mkuu wa Idara hakukubali kununua mpya mpaka ya zamani ife, tena ife mbele ya macho yake. Niliwaheshimu wote wawili. Lakini mmoja alitupa mashine zenye uhai, na mwengine alifanyisha kazi maiti.

Niliyoyajua kwa hakika niliyapata Mwanakwerekwe, kwenye duka la kompyuta za mtumba kutoka Dubai. Mwenye duka tulimwita Tajiri. Alikuwa mcheshi na mwaminifu, ila alikuwa na imani moja: kompyuta ya nyumbani ikitimiza miaka mitatu imekwisha, iuzwe nyengine.

Asubuhi moja aliingia Bi Zuwena wa Mpendae, amebeba kompyuta yake ndani ya kanga kama mtoto mgonjwa. Bi Zuwena alikuwa akidarizi mabuibui kwa cherehani inayopokea maua kutoka kwenye kompyuta kwa waya. Kompyuta ikizima ua likiwa nusu, cherehani hupotea njia na kitambaa ndiyo basi. Na sasa ilikuwa ikizima kila siku, naye ana sare za harusi za ukoo mzima wa bibi harusi, harusi yenyewe iko mlangoni. Hii ilikuwa kompyuta ya pili kuinunua kwetu.

Tajiri alimwambia kwa upole kwamba mashine imezeeka.

"Imezeeka lini, baba?" alijibu Bi Zuwena. "Juzi tu uliniuzia kijana."

Tajiri akacheka, akaanza kumwonyesha nyengine. Bi Zuwena hakucheka. Aliangalia bangili za dhahabu mikononi mwake, akasema basi, nnakwenda kwa sonara kuziuza. Bangili zile alivishwa na mama yake. Nikaomba niifungue mashine kwanza.

Nilipotoa ubavu, duka zima lilijaa harufu.

"Kompyuta hii inanukia kuliko bibi harusi," alisema Tajiri.

Feni ilikuwa imegandwa na utandu mweusi, unanata kama halua. Nilimuuliza Bi Zuwena anafukizia udi wapi. Akasema chumbani mwake mwa kazi; buibui halitoki kwake kabla ya kutandazwa juu ya tenga, na chetezo cha makaa na udi chini yake, na wateja wanamjua kwa udi wake. Hapo nikaelewa. Udi wetu hupikwa kwa sukari na marashi, moshi wake una mafuta. Feni ilikuwa ikiuvuta mchana kutwa. Mashine ile haikuwa mzee; ilikuwa imezibwa pumzi, na bila shaka ile ya kwanza pia.

Tajiri aliniuliza swali la haki: nikiisafisha na ikazima tena, sare zitakazoharibika nitamshonea mimi? Nikasema nitakwenda Mpendae, nitakaa ubavuni mwake mpaka buibui la mwisho.

Nilisafisha kwa spiriti na brashi, nikabadilisha grisi inayopitisha joto juu ya prosesa. Nikaongeza RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo ni kama meza ya kutandazia kazi, kwa sababu maua yake mapya yalikuwa makubwa. Kisha nikaipeleka Mpendae, nikaomba chetezo kihamie uani.

"Nifukize uani, majirani wanuse bure?"

"Wakinusa watakuja, Bi Zuwena."

Cherehani ikaanza. Tulilikodolea macho ua la kwanza mpaka lilipofika pale lilipozoea kukatika. Likapita. Likaja la pili, likaja la tatu, na ilipofika alasiri Bi Zuwena alikuwa akiimba, mimi nikikunja mabuibui. Sare zilitoka zote kabla ya harusi, na bangili hazikumuona sonara. Tajiri mwenyewe alibadilika: tangu siku ile hakumuuzia mtu kompyuta bila kumuuliza kwanza, "Kwenu mnafukiza chumba gani?"

Sasa nimeacha benchi ingawa miaka hamsini sijaifikia. Macho yamechoshwa na skrubu ndogo. Nazunguka kisiwa nikitoa ushauri, leo Makunduchi, kesho Nungwi, na katika kila baraza swali ni lile lile: kompyuta ya nyumbani ibadilishwe baada ya miaka mingapi? Nawaambia waanze na usafi. Ikiwa nzito, waongeze RAM, au waweke diski mpya ile isiyozunguka. Wengi hudhani nimewaletea mashine nyengine. Lakini ikiwa walioitengeneza programu yake wameacha kuiletea viraka vya usalama, au vipuri havipatikani tena, waiage kwa heshima. Kung'ang'ania nako ni hasara.

Juzi Bi Zuwena aliniita nimsindikize Darajani kununua kompyuta nyengine. Nyumba yake sasa ina cherehani nne, na wakwe zake wanafanya kazi naye. Muuzaji, kijana mwenye adabu, alimwamkia shikamoo, kisha akamuuliza ile ya zamani ina miaka mingapi. Nilifungua mdomo nijibu. Bi Zuwena akanitangulia.

"Miaka yake siijui, mwanangu," alisema. "Nnajua kazi iliyoishinda."