Mstari Uliopotelea Juu ya Skrini

Saa tatu asubuhi. Chai imeshapoa kando ya kibodi, na mwandishi wa programu ambaye wenzake humwita Mama Mistari anahesabu kwa kidole kwenye kioo cha skrini. Maandishi meupe yanapanda, na kila mstari mpya unapoingia chini, wa juu kabisa unatoweka.

"Ukishapita pale juu, umekwenda na maji," anasema. "Kazi yangu ni kuurudisha."

Anaunda sehemu ya mfumo endeshi wa kompyuta ndogo zinazosimamia pampu za maji. Kompyuta hizo hazina picha wala kipanya. Ni maandishi matupu, mistari ishirini na mitano, basi. Sehemu yake itatunza mistari iliyopita, ili msimamizi wa zamu abonyeze kitufe na kuirudia.

Shida ilikuwa nafasi. Kumbukumbu aliyopewa ilitosha mistari mia mbili tu, na pampu ikichachamaa, mia mbili inamwagika kwa dakika moja. Bosi wake, mtu asiyepoteza maneno, alimwambia wazi: isipofika mia tano ifikapo Ijumaa, sehemu hiyo inaondolewa.

Mama Mistari hakulala vizuri wiki hiyo, kwa sababu ya baba yake.

Mzee alisimamia zamu kwenye kituo cha pampu miaka kumi na tisa. Enzi hizo mashine ilichapa kila taarifa kwenye karatasi, tra-tra-tra mchana kutwa. Jioni alirudi na vipande virefu vyembamba vya karatasi nyeupe mfukoni, na binti yake akavichorea treni zisizo na mwisho. Harufu ya wino wa mashine, iliyoshika kwenye vile vipande, anaikumbuka mpaka leo, na hafichi kwamba anaitamani.

Kisha zikaja skrini, karatasi ikaondolewa. Siku moja pampu ikaungua. Onyo lilitokea, likapanda, likapotea, wakati mzee yuko chini anafunga valvu. Wakubwa wakaandika kwamba alisinzia kazini. Akaachishwa kazi, akarudi nyumbani na kikombe chake cha kazini.

"Mwenye macho haambiwi tazama," anasema binti. "Lakini atazame nini, na skrini imeshafuta?"

Jumapili, mezani kwa wazazi wake, alilalamikia ile mia mbili. Mzee, sasa ana miaka sabini na minne, akauliza mstari wenye neno SAWA peke yake unatunzwaje. Binti akajibu kwamba unapewa nafasi themanini za herufi, kama mistari yote. Zinazobaki zinakaa tupu. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, unatunza hewa. Sisi kabla ya kuweka kabatini tulikata ule upande mtupu kwa mkasi. We unafikiri treni zako ulizichorea kwenye nini?"

Binti alikuwa hajawahi kujiuliza kwa nini vile vipande havikuwa na maandishi.

Jumatatu akaandika upya: kila mstari utunzwe mpaka herufi yake ya mwisho, hewa itupwe. Ikafika mistari mia sita na arobaini.

Alhamisi mzee alifika ofisini na shati lililopigwa pasi. Binti akaigiza kwenye kompyuta pampu inayoungua, mistari ikafurika. Mzee akabonyeza kitufe, akarudi nyuma taratibu, mpaka kwenye onyo la JOTO LIMEZIDI. Taarifa mpya ziliendelea kuingia, ila ukurasa aliokuwa anausoma haukuruka. Binti alikuwa amelihangaikia hilo siku tatu. Mzee akaweka kidole kwenye kioo.

"Ndilo hili," akasema. "Mimi nilikuwa kwenye valvu."

Bosi, aliyesimama nyuma yao, alijifanya anatafuta kalamu.

Kazi imekubaliwa, na mwezi ujao kompyuta hizo zitaanza kuwekwa vituoni. Mama Mistari ameomba waanze na kile cha baba yake. Mzee naye ana ombi lake: siku hiyo akalie kiti chake cha zamani kwa zamu moja tu, na chai yake kwenye kile kikombe.