Kadi ya Lonnie Sizemore

Katika bonde la Caney Fork, huko Kentucky, Marekani, kwenye migodi ya makaa ya mawe, watu hawakujaza fomu za serikali kwa mikono yao. Walimpelekea Verna Sizemore, karani wa posta, na posta yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Fomu ya fidia ya mapafu yaliyojaa vumbi la makaa, Verna. Barua ya hospitali, Verna. Si kwamba hawakujua kusoma, wengi walijua vizuri tu. Lakini karatasi ya serikali inatisha, na Verna alikuwa na mwandiko mzuri.

Mwandiko huo alikuwa ameuchukia miaka kumi na minne. Mwaka 1966 kaka yake Harlan alimletea fomu ya jeshi, wakati wa vita vya Vietnam. Ilikuwa na sehemu ya kutaja watoto wanaokutegemea, na siku zile baba mwenye mtoto aliachwa nyumbani. Harlan alikuwa na Lonnie, wa miaka sita. Ila bondeni kwao mambo ya nyumbani hayaambiwi serikali, na mwanamume haombi kuonewa huruma. Harlan akamwambia dada yake aache wazi, naye akaacha wazi. Jeshi likamchukua, na mwaka uliofuata likamrudisha maiti ndani ya sanduku.

Basi mwezi wa kwanza wa 1980 Rais akatangaza kwamba yeyote atakayejaribu kuishika Ghuba ya Uajemi, kwenye mafuta, atakuwa ameichokoza Marekani, na atafukuzwa kwa nguvu, hata za kijeshi. Verna alikuwa anakoroga maharage. Akaizima redio akamwambia jirani kuwa hao watu wana wazimu: wao hapa bondeni wamekalia mlima mzima wa makaa, migodi inafungwa mmoja mmoja, halafu watoto wao ndio wakalinde mafuta ya ng'ambo.

Mwezi wa saba yakaja maboksi ya kadi. Kila kijana wa kiume aliyezaliwa 1960 aende posta kujiandikisha, ili vita ikija jeshi lijue pa kumpata, na asiyekwenda anaweza kufungwa miaka mitano. Delphia, mjane wa Harlan, alifika kwa wifi yake macho yamevimba. Alimsihi asilete ujeuri wake wa siku zote, amwandikie Lonnie kadi safi, kwani mume alishampoteza na mtoto hataki kumwona jela. Verna alimwonyesha ile kadi. Jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, sahihi, basi. Safari hii hakukuwa na mahali pa kutaja mtu yeyote.

Jumanne Lonnie akasimama kwenye kidirisha cha posta, na nyuma yake vijana wengine wanane. Ndani, kwenye kiti cha Verna, alikuwa amekaa Bwana Hensley, mkaguzi wa posta kutoka mjini, aliyeletwa kuhakikisha wiki hiyo hakuna vurugu. Verna alimjazia mpwa wake kila kitu, herufi moja baada ya nyingine. Kisha akaigeuza kadi ubavu, akaanza kuandika pembeni, kwenye ukingo mweupe.

Hensley akainuka. Akasema hapo haparuhusiwi kitu, kadi imeharibika, atoe nyingine.

"Nitatoa," Verna akasema, kalamu haijasimama. "Na hiyo nayo nitaiandika hivi hivi. Unazo ngapi kwenye boksi?"

"Mama Sizemore, kibarua chako kitaota nyasi leo hii."

"Kiote. Hii nyumba ni yangu, Bwana Hensley. Ukinifukuza, ng'oa kidirisha chako hicho uondoke nacho mgongoni."

Vijana wakacheka. Hensley akawa mwekundu, akatazama foleni, akatazama mlango, akakaa. Na angefanya nini? Kumburuta mwanamke wa miaka hamsini na mbili sebuleni kwake, mbele ya mpwa wake na watoto wa majirani? Ripoti aliandika, hilo najua, na mwezi wa tisa kidirisha kiling'olewa kweli. Verna hakutoa hata chozi. Pale kilipokuwa aliweka kabati la vyombo.

Lakini siku ile bado kilikuwepo. Lonnie alishika kalamu, akasita.

"Shangazi, umeandika nini? Sitii sahihi nisichokijua."

Verna alifurahi kusikia hivyo, kwa kuwa Harlan alitia sahihi yake bila kuuliza lolote. Akamsomea kwa sauti, foleni yote ikasikia:

"Huyu ni mtoto wa pekee wa Delphia. Baba yake alikuwa Harlan Sizemore. Mnaye tayari. Mwaka 1966 sikuwaambia kwamba ana mtoto. Sasa nawaambia."

Lonnie akatia sahihi. Verna akaigonga muhuri kwa nguvu mpaka wino ukaruka kwenye shati la Hensley, akamwita kijana wa pili.

Kijana akasogea, akavua kofia. "Mama Verna," akasema, "mimi nina mke na mtoto wa miezi mitatu. Anza na hao."