Kundi la Lita Tano

Juzi nilikuwa nimekaa uani kwa bibi hapa Kasulu, simu mkononi, nikasoma kwamba pikipiki kubwa za mashindano ya dunia zitapunguziwa injini, kutoka cc elfu moja zishuke hadi mia nane na hamsini. Nikacheka peke yangu. We acha tu, hujui habari hiyo ilivyonigusa.

Utotoni, jirani yetu fundi pikipiki alikuwa na televisheni. Jumapili tukitoka kanisani tulijazana kwake kutazama mbio, miguu vumbi tupu, muhogo wa kuchoma mdomoni. Pikipiki zilikuwa makundi matatu: ndogo, za kati, kubwa. Tukayaiga kwa baiskeli zetu za mbao za kubebea maji kutoka chemchemi ya mlimani: dumu la lita tano, la kumi, la ishirini. Unashuka mbio, breki ni ndala uliyoikandamiza kwenye gurudumu, na ukimwaga maji umeshindwa hata ukitangulia. Bingwa wa lita tano nilikuwa mimi. Zile pikipiki ndogo zililia kama nyuki, nami nikishuka nililia hivyohivyo: nziiii!

Siku moja fundi akatuambia, "Wanangu, zile ndogo za cc mia na ishirini na tano zimefutwa. Sasa ndogo kabisa ni mia mbili na hamsini."

Kaka yangu, mtu wa lita kumi, hakungoja. "Mmesikia? Lita tano imekufa. Kesho njoo na kumi, au kaa na bibi uchambue maharage."

"Sina dumu la kumi!"

"Basi chambua, bingwa."

Nikachambua, machozi yakidondokea kwenye ungo. Bibi hakuuliza mengi. Alichukua madumu mawili ya lita tano, akayafunga pamoja kwa kamba ya mgomba. "Tano na tano ni ngapi huko shuleni kwenu?"

Kesho yake baiskeli ilinivuta kama ng'ombe aliyeona majani. Nilifika wa mwisho, ndala imelika hadi kisigino, lakini sikumwaga hata tone. Wenzangu wote walikuwa wamelowa. Kaka akayatazama maji yangu, akakuna kichwa.

"Haya, umeshinda. Ila usilie nziii tena. Siku hizi hata pikipiki ndogo zinanguruma."

Sasa ule mteremko una lami, bomba liko hapahapa uani, na baiskeli za mbao ziliishia jikoni kuivisha maharage. Madumu yale bibi anahifadhia mbegu, bado yamefungwa pamoja. Kaka anaendesha bodaboda kule Manyovu. Jana nilimpigia, nikamwambia zile kubwa nazo zinapunguzwa.

Nikamsikia, mbali, ndani ya simu: nziiii!