Aya ya Kumi na Nne

Kanuni za mahakama zimetamka, na hazikutamka kwa mzaha, kwamba hati ya utetezi itaandikwa kwa ufupi na kwa lugha nyepesi, na kwamba dai lolote ambalo mdaiwa hakulikana litahesabiwa kuwa amelikiri.

Oksana Hrycak, wakili wa miezi mitatu katika mji mdogo wa Pelican Bend, Manitoba, aliishika nusu ya pili ya kanuni hiyo kama mtu aliyeonywa kwamba mtoni kuna mamba. Mteja wake, Bi Lorraine Desrosiers, msusi, alikuwa ameshtakiwa na bwana mmoja aliyeteleza kwenye barafu mbele ya saluni yake akavunjika nyonga. Bima ilikuwa imekwisha muda wake. Kesi ikimlemea, saluni inauzwa. Basi Oksana akakana kila kitu, kurasa kumi na tisa.

Mzee Einarson, mwenye ofisi, alizisoma pamoja na kahawa yake.

"Wakili msomi, aya ya kwanza inasema mteja wetu anaitwa Lorraine. Umekana."

"Tahadhari tu, mzee."

"Ya tatu inasema ilikuwa Januari na kulikuwa na baridi. Nayo umeikana. Jaji anaishi hapahapa, ana koti." Akafunua kurasa. "Sasa ya kumi na nne: barafu ilikuwa kwenye kizingiti cha saluni. Hii ndiyo kesi yenyewe, na umeikana kwa maneno yaleyale uliyokania jina. Barafu ilikuwa wapi?"

Oksana hakujua. Hakuwa ameuliza.

Hati ilitakiwa mahakamani kesho yake saa kumi alasiri. Alivaa glovu mbili mbili, akachukua futi ya kupimia, akaenda kwa miguu.

Lorraine alikuwa akimpaka mteja rangi. "Karibu, mwanangu. Nakala uliyonitumia inasema mimi si Lorraine. Mume wangu amefurahi sana."

"Tutarekebisha, mama. Yule bwana alianguka wapi hasa?"

"Pale, kwenye mfuniko wa shimo la maji taka la manispaa. Unatoa mvuke, theluji inayeyuka, inaganda upya. Nimewaandikia barua mara nne."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza."

Oksana alipiga magoti barabarani akapima, watu wakipita na kumwamkia. Kutoka kizingitini hadi kwenye mfuniko, mita tatu na nusu. Alipima tena, vidole havina hisia, kisha akarudi ofisini na barua zote nne.

Alikiri jina. Alikiri Januari na baridi yake. Alikana aya ya kumi na nne peke yake, akaweka vipimo na tarehe za barua. Ukurasa mmoja na nusu. Mzee Einarson aliusoma kalamu mkononi, kisha akaifunika kalamu.

"Peleka kabla karani hajafunga dirisha."

Baada ya wiki tatu, upande wa pili ulikubali kumwachia Lorraine na kuigeukia manispaa. Hati ya kumwondoa kwenye kesi, iliyoandikwa na mawakili wakongwe na kupitishwa na mahakama bila kuguswa nukta, ilikuwa na kurasa ishirini na tatu.