Samurai Wenye Bunduki za Misumari

Mume wangu na mimi tuligombana miaka yote ya ndoa yetu, na tulikuwa tunaufurahia ugomvi wetu. Wengine jioni walicheza karata; sisi tulibishana mpaka bukari, ugali wetu, likapoa mezani. Yeye alikuwa mchora ramani kwenye reli hapa Kalemie, mtu wa kupima kila kitu mara mbili. Mimi nilifundisha historia sekondari na sikuzoea kupingwa.

Ugomvi mkubwa kuliko wote ulikuwa juu ya samurai. Mbelgiji mmoja aliyefanya naye kazi, wakati wa kurudi kwao, alimwachia sanduku la mchezo wa vita: ramani ya Japani ya zamani, dadu, na kitabu cha sheria cha Kifaransa. Askari wa karatasi walikuwa wameliwa na mende, basi mume wangu akachonga wengine wa mti, wadogo kama kidole gumba. Deraya zao alizikata katika mikebe ya sardini, vipande vyembamba vilivyolaliana, nami nikavifunga kwa uzi mwekundu kwa sababu kitabu kilisema zilishonwa kwa kamba za hariri. Pinde tulizikunja kwa waya, ndefu kupita askari mwenyewe. Mpaka hapo tulipatana vizuri.

Kisha akachukua misumari, akaibandika mabegani mwa askari wa miguu. Bunduki.

"Samurai hawana bunduki," nikamwambia. Filamu zao nilikuwa nimeziona kwenye sinema ya mjini, na zote zilikuwa za panga.

"Wareno waliwaletea kwa meli, Mama. Njo vile kitabu kinasema."

"Kitabu cha kuuza mchezo. Mimi nilisoma historia, weye ulisoma rula."

Alicheka mpaka akakohoa. Akanieleza kwamba bunduki zile ziliwashwa kwa kamba yenye moto, na mvua ikinyesha haziwaki; ndiyo maana kabla ya kupiga tulirusha dadu kuuliza mvua. Nikasema hayo ni maneno ya watoto. Kila Jumapili baada ya misa tuliweka meza barazani tukaanza tena, na kila Jumapili nilimkatalia bunduki zake.

Mwaka ule kulikuwa na vita kusini, upande wa ziwa, na askari walijaa mjini. Watu walishusha sauti hata wakiulizana bei ya samaki wa mikebuka. Sisi tu ndio tuliopiga kelele. "Bunduki zangu ziko mulimani!" "Ngome yako itaanguka kabla ya mvua!" Sikuwahi kufikiri ni nani anayepita barabarani.

Siku moja nilitoka shule saa ya mchana nikakuta jeep mbele ya nyumba yetu. Askari mmoja alikuwa amebeba sanduku la mchezo kichwani. Mume wangu alikuwa amekaa nyuma, bila viatu. Aliniangalia akatikisa kichwa kidogo, maana yake nisiseme kitu. Nilinyamaza, na kunyamaza kule kuliniuma kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya.

Kesho yake asubuhi niliitwa ofisini, kwenye biro ya komanda wa askari wale. Alikuwa mtu mzima, mtulivu, shati lake limepigwa pasi. Mezani alikuwa amepanga askari wetu wote, wenye panga upande mmoja, wenye misumari upande mwingine. Ramani ilikuwa ukutani, na juu yake mishale yote ambayo mume wangu alikuwa ameichora kuonyesha askari wetu wanakokwenda.

"Citoyenne, unafundisha historia," akaanza, akiniita mwananchi kwa Kifaransa kama serikali ilivyotaka. "Bwana yako anasema hawa ni Wajapani wa zamani. Wa panga, nakubali, hata mimi nawajua. Sasa hawa wa bunduki ni wa nani?"

Nilielewa mara moja. Nikisema samurai hawakuwa na bunduki, basi askari wale ni wa leo, mlima tuliokuwa tunaupigia kelele ni wa kwetu, na mume wangu harudi nyumbani.

"Ni wao pia," nikasema. "Wareno waliwaletea kwa meli." Nikamweleza kamba yenye moto na mvua, neno kwa neno kama nilivyosikia barazani. Sikuamini hata moja.

Komanda aliniacha nimalize. "Ajabu," akasema. "Bwana yako alisema utakataa. Alisema kelele zote ambazo majirani wanasikia ni weye unakataa bunduki. Kama unazikubali, munagombanaga juu ya nini?"

Nilitaka kumwokoa, kumbe nimemfanya mwongo. Komanda akaita, mume wangu akaletwa. Mdomo wa chini ulikuwa umevimba. Nilipouona, hasira ikanipanda kichwani, na kwa kuwa nisingeweza kumtukana komanda, nikamgeukia mume wangu nikamtukana.

"Hawakuwa nazo!" nikamwambia. "Nimesema uongo kwa ajili yako, kichwa ngumu weye! Ulipata wapi misumari yako ya upumbavu?"

"Mama," akasema polepole kwa sababu ya mdomo, "kitabu kinasema Wareno..."

"Wareno, Wareno! Kila Jumapili Wareno! Muntu anavaa deraya ya hariri, anajifunza panga tangu mutoto, halafu ashike bunduki ya kamba?"

"Askari wa miguu njo walishika. Nilikuambia tangu mwanzo."

Tuligombana mbele ya meza ile kama nyumbani, mimi nalia, yeye anajibu. Nilisahau kabisa tuko wapi. Tuliponyamaza, komanda alikuwa anatuangalia kwa uchovu. "Kumbe kelele njo hizi. Endeni," akasema. "Vitu vinabaki hapa."

Tulirudi kwa miguu, yeye amevaa kandambili zangu. Nilidhani tumeokoka.

Lakini tangu siku ile mume wangu hakubishana nami tena. Nilimchokoza kwa chumvi ya mboga, kwa bei ya mafuta, kwa mambo ya kanisa. "Ndiyo, Mama," alisema. Nikamwambia samurai hawakuwa na bunduki. "Ndiyo, Mama, hawakuwa nazo."

Mwaka uliofuata, katika maktaba ya mapadri, nilikuta kitabu kikubwa chenye mchoro wa zamani wa Japani: watu wenye deraya za kamba wamepiga magoti kwa mstari, bunduki ndefu mkononi, kamba zinatoa moshi. Nilikuwa nimeshindwa kabisa, na sijawahi kufurahi hivyo. Niliomba kitabu kwa siku moja, nikaenda nyumbani mbiombio, nikakifungua mbele yake.

"Sema," nikamwambia. "Nichekelee. Ulishinda."

Aliuangalia mchoro. Kisha akainuka, akafunga dirisha, akarudi akakifunga kitabu pia.

"Labda mwenye kuchora alikosea," akasema. "Weye njo unajua historia."

Nikaanza kulia, naye akaniomba nilie kwa sauti ya chini.